Damu imevilia pajani na kuna harusi mbele, nisaidieni

Asumini_Kisiwani · Jumanne, saa 3 usiku

Salaam jamani. Naomba msaada wa haraka, na mwenye mzaha tafadhali aupeleke uzi mwingine.

Mimi ni dada wa miaka 27, niko kisiwani hapa Mombasa. Tangu mwezi wa kwanza nimeingia kwenye mchezo unaoitwa rola dabi. Unachezwa kwa viatu vya magurudumu, vile vya mawili mbele mawili nyuma, si vile vya mstari mmoja wanavyovaa vijana pale Mama Ngina. Mnazunguka uwanja wenye umbo la yai, mnasukumana kwa mabega na makalio, na mwenye kupenya ndiye anayepata pointi. Nilikwenda mara moja tu kumsindikiza shoga yangu. Sasa nakwenda mara tatu kwa wiki. Nikilala naota kona. Nikiwa kazini napiga hesabu za mizigo, miguu chini ya meza inateleza yenyewe.

Juzi Jumapili niligongwa pajani, damu ikavilia. Alama yenyewe ni kubwa kama kisahani cha chai, katikati nyeusi, pembeni zambarau. Kuna nyingine begani na mbili ndogo mbavuni. Kuna harusi siku 19 zijazo, na lazima ziwe zimetoka. Mafuta ya karafuu nimepaka, tangawizi nimeweka, wapi. Mwenye dawa ya uhakika aniambie.

Shabiki_wa_Ingwe · saa 3:10

Nimeona "dabi" nikafungua mbio nikidhani ni mechi yetu sisi AFC Leopards na Gor Mahia. Kumbe paja la mtu. Samahani dada, napita tu.

MamaShughuli · saa 3:25

Pole mwanangu. Chukua manjano, chumvi kidogo na mafuta ya nazi, upashe moto upake usiku, ufunge na kitambaa. Marehemu mume wangu alibanwa na mlango wa kontena mwaka 1998, mkono wote ukawa mweusi kama masizi. Mama yake akasema apelekwe kwa mganga Kwale, mimi nikasema haendi mtu Kwale, nikampaka manjano siku nane. Mashuka yangu mawili yaliharibika hadi leo yana rangi. Huyo mama mkwe hakunisemesha mpaka Ramadhani. Lakini mkono ulipona.

Nesi_wa_Zamu · saa 3:40

Manjano hayana neno, ila usikande wala usichue hapo mahali wakati bado pamevimba, utazidisha damu kutoka ndani. Siku mbili za mwanzo ni barafu, uizungushie kitambaa, dakika 15 au 20 kisha unaondoa, na mguu uinuliwe. Baada ya hapo ndiyo maji ya uvuguvugu. Usimeze aspirini kwa ajili ya maumivu, inafanya damu iwe nyepesi. Alama itageuka kijani, kisha manjano, kisha itapotea. Kwa kawaida ni kama wiki mbili, lakini kubwa hivyo inaweza kuzidi. Dawa ya kuifuta kwa siku tatu hakuna, anayekuuzia anakula pesa zako.

Na ukianguka ukatua kwa kiganja, ukahisi maumivu kwenye kile kibonde chini ya kidole gumba, nenda ukapigwe picha hata kama hakuna uvimbe. Hapo pana kimfupa kikivunjika kinajificha.

Fundi_Mkarimu · saa 4:02

Mimi naomba kuuliza jambo dogo. Harusini si utavaa dera au gauni la kuburura? Nani atakufunua paja?

Asumini_Kisiwani · saa 4:15

Ahsante Nesi, barafu nimeanza sasa hivi.

Fundi, kuna wanawake wataniona. Mambo ya kike, si lazima niyaeleze hapa.

Karafuu_Kavu · saa 4:19

Wanawake wataliona paja, bega na mbavu, kabla ya harusi. Shoga, hiyo ni singo, kusuguliwa mwili kwa manukato. Na anayesingwa ni mmoja tu. Hiyo harusi ni ya nani?

Fundi_Mkarimu · saa 4:20

Subhanallah.

MamaShughuli · saa 4:22

Mwanangu sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

Asumini_Kisiwani · saa 4:51

Ni yangu.

Sikutaka kusema kwa sababu najua mtakuja na lawama badala ya dawa. Somo wangu, yule wa kunifunda na kunisinga, ni mtu wa Mji wa Kale, mtu wa zamani. Akija na liwa yake na mrehani na marashi akanikuta hivi, hatauliza nimeanguka wapi. Ataamini ninapigwa, na atajiuliza ni nani anayenipiga, baba au mchumba. Neno litafika mtaa mzima wa Kibokoni kabla mimi sijaoga.

Na kabla hamjauliza: mchumba anajua nateleza. Nilimwambia ni mazoezi. Habari ya kusukumana sijamwambia.

Ustadh_Mpole · saa 5:05

Dada yangu, umeanza maisha ya ndoa kwa kuficha. Leo unaficha magurudumu, kesho utaficha nini? Mwili ni amana. Mimi sisemi mwanamke asifanye mazoezi, atembee, aogelee mahali pa stara. Lakini kugongana makalio hadharani?

Asumini_Kisiwani · saa 5:14

Ustadh, si hadharani. Tuko kwenye uwanja wa vikapu wa shule moja Tudor, saa 12 asubuhi, lango limefungwa, wanawake watupu. Nusu yetu tunavaa hijabu ndani ya kofia ngumu. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayenisindikiza na kunibebea mfuko, anakaa nje anacheza simu.

Nesi_wa_Zamu · saa 5:20

Mimi naona kuna jambo bado hujalisema. Siku 19 ukipumzika zinatosha. Wasiwasi wa nini? Au hupumziki?

Asumini_Kisiwani · Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Haya. Kuna mechi. Ni sisi kwa sisi, mechi yetu ya kwanza ya kamili, na itakuwa wiki moja kabla ya harusi.

Msinirukie. Tuko tisa tu. Mchezo unataka watano kila upande: bloka wanne na jama mmoja, yule mwenye nyota kwenye kofia. Tayari tunacheza kwa upungufu. Mimi ni jama, na nikitoka upande mmoja hauna mtu wa kukimbia, wenzangu waliofanya mazoezi miezi yote hii watakaa chini. Uwanja tumelipia shilingi 3,000, hazirudi. Nitavaa pedi nene, nitakwepa. Na kusema kweli jama mzuri hagongwi sana, anapita. Kwa hiyo swali langu ni lile lile: kitu gani kinaondoa alama upesi?

Karafuu_Kavu · saa 1:05

Jama mzuri hagongwi, na hicho kisahani cha chai kilitoka wapi?

Shabiki_wa_Ingwe · saa 1:11

Nimerudi. Hivi anayekimbia anaitwa jama, na ni mwanamke? Jamaa tuko wapi? Nielezeni sheria basi.

Asumini_Kisiwani · saa 1:40

Ahsante kwa kuuliza kitu cha maana. Mechi ni dakika 60, vipindi viwili vya dakika 30. Ndani yake kuna vipande vifupi vinaitwa jemu, havizidi dakika 2 kila kimoja. Bloka wa pande zote mbili wanakaa kundi moja mbele, majama wawili wanaanza nyuma yao. Jama akipenya mara ya kwanza hapati kitu. Akizunguka akalirudia kundi, kila mpinzani anayempita ni pointi moja. Aliyetangulia kupenya kwa halali anaweza kuikatiza jemu wakati wowote kwa kujipiga nyongani kwa mikono miwili, kabla mwenzake hajafunga. Hapo ndipo pana utamu wake, unaweza kuwa hoi umebanwa, lakini saa iko mkononi mwako. Viwiko marufuku, mgongoni marufuku, kichwani marufuku. Ukikosea unakwenda kukaa sekunde 30.

Mpwa_wa_Tanga · saa 2:15

Wakuu, huu mchezo ni wa Marekani. Ulianzia Chicago mwaka 1935, bwana mmoja anaitwa Leo Seltzer aliwakusanya watu wakimbizane kwa magurudumu siku nyingi, washabiki wakapenda zaidi pale walipogongana, basi akageuza mchezo. Baadaye ukafifia, ukafufuliwa na wanawake wa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo wanaouendesha wengi ni wanawake. Kwa hiyo dada hajazua kitu.

Nikiwa mdogo Tanga tulikuwa na baiskeli moja ya matairi matatu mtaa mzima, tukishindana kuteremka nayo mpaka Raskazone. Nina kovu hapa kidevuni, mke wangu anadhani ni ajali ya gari.

Ustadh_Mpole · saa 2:20

Unaona? Na wewe unaficha.

Mpelelezi_Mtwapa · saa 4:30

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye matatu, na mimi siuamini. Huyu dada kajiunga jana. Mwanzo kasema "kuna harusi" tu, watu wakauliza, ikawa yake. Watu wakauliza tena, ikawa kuna mechi. Kila akibanwa anatoa kipande kingine, kama tamthilia ya saa moja usiku. Bibi harusi gani wa Mji wa Kale, siku 19 kabla, anaachiwa kutoka alfajiri? Dada zangu waliwekwa ndani mwezi mzima, hata jua hawakuliona. Na hizo sheria zimepangwa vizuri mno, kama mtu aliyenakili. Kesho kutwa mtaona tangazo la viatu vya magurudumu. Weka picha.

Fundi_Mkarimu · saa 4:38

Hapo kwenye kuwekwa ndani na mimi niliguna.

MamaShughuli · saa 4:50

Yakhe, mimi nimemwaga siri za mama mkwe wangu hapa kwa hadithi ya kutunga?

Asumini_Kisiwani · saa 6:10 mchana

Mpelelezi, picha ya paja langu hutaipata wewe wala nduguyo.

Kuwekwa ndani ni siku saba za mwisho, hivyo ndivyo mama alivyoafikiana na ofisi yangu, maana likizo sina zaidi. Ndiyo sababu mechi iko siku hiyo, alfajiri yake ndiyo ya mwisho mimi kutoka.

Unataka ushahidi, nakupa. Kila kiatu kina magurudumu manne, kila gurudumu lina beringi mbili, jumla 16. Hapa kwetu hewa ni ya chumvi, usipoziangalia wiki mbili zinaanza kulia kama panya. Kila Ijumaa usiku nazitoa moja moja kwa kuzibandua na ekseli ya kiatu chenyewe, nazitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mafuta ya taa, natikisa, nazipanga juu ya kanga kuukuu zikauke. Mama anauliza harufu ya mafuta ya taa inatoka wapi na umeme upo. Mchanga unaobaki chini ya kopo ni mweupe na laini, ule wa kupeperushwa kutoka ufuoni. Anayetunga hadithi hajui mchanga wa chini ya kopo.

Mpelelezi_Mtwapa · saa 6:18

Au ni mtungaji mzuri.

Tuktuk_ya_Tudor · saa 8:45

Mimi nawajua hao. Jumamosi huwa napaki karibu na hiyo shule kusubiri abiria wa asubuhi. Ukuta ni mrefu, huoni kitu, unasikia tu prrrr prrrr halafu kishindo halafu kicheko. Niliwabeba wawili siku moja, mmoja kanyosha mguu mpaka nje ya tuktuk, goti limefungwa barafu kwenye mfuko wa nailoni. Ila dada, mimi niliowahesabu wakitoka ni sita, si tisa.

Asumini_Kisiwani · saa 8:59

Watatu wanakaa Bamburi, wanaondoka na gari.

Mpelelezi_Mtwapa · saa 9:03

Bila shaka.

Nesi_wa_Zamu · saa 9:30

Awe mkweli au asiwe, nasema kwa atakayesoma. Kugongwa juu ya alama ambayo haijapona ni maumivu mara mbili na siku mara mbili. Mwambie mchumba wako mwenyewe, na mwambie somo kabla hajakuvua nguo. Somo akiambiwa mapema anakuwa wako.

Asumini_Kisiwani · saa 9:41

Nitafikiria. Pedi nimeshaagiza lakini.

Fundi_Mkarimu · siku 17 baadaye

Huyu dada aliishia wapi? Harusi si wiki hii?

Asumini_Kisiwani · siku hiyo hiyo, saa 4 usiku

Nipo. Hina bado mbichi, naandika kwa kidole kimoja.

Mechi tumecheza. Tumefungwa. Mchumba nilimwambia usiku wa kuamkia, alikaa kimya sana kwenye simu, halafu akauliza kama kofia ina mkanda wa kidevuni. Mengine amesema tutazungumza. Sijui ni kuzungumza kwa namna gani.

Singo ilikuwa leo. Somo sikumwambia mapema, Nesi nisamehe, nilishindwa. Ile ya zamani imebaki umanjano tu, lakini ya mechi iko nyongani, mbichi, na mishono ya suruali imejichora ndani yake. Alipofika hapo mkono ukasita. Akainamia, akaibonyeza kwa kidole chenye liwa, akaniangalia.

"Aliyekugonga ni mkubwa kuliko wewe?"

Nikamwambia ni mkubwa, ni mpishi wa skuli.

"Ukaanguka?"

"Sikuanguka."

Akachota liwa nyingine, akaendelea na mguu wa pili.

MamaShughuli · saa 4:20

Alhamdulillah. Mtu wa miaka 52 mwenye presha anaweza kuwa refa?

Mpelelezi_Mtwapa · saa 4:26

"Mishono ya suruali imejichora ndani yake." Dada, andika kitabu, nitanunua.

Msimamizi · saa 4:40

Uzi huu umehamishwa kutoka Jukwaa la Afya kwenda Jukwaa la Mahusiano.

Shabiki_wa_Ingwe · saa 4:41

Na Michezo je?