Kikundi cha Ukoo wa Bibi Zuhura: fleti ya Bamburi

Rehema: Hamjambo wote. Naomba maoni yenu kabla ya Ijumaa. Nimepata fleti ya chumba kimoja cha kulala kule Bamburi, Mombasa, milioni 5. Nataka kuipangisha, mimi nibaki hapa Donholm, Nairobi, na kazi yangu. Dalali anataka amana ya asilimia 10 ili asimpe mtu mwingine.

Juma: Hongera dada. Hiyo ni laki tano. Inaingia akaunti ya nani?

Rehema: Yake. Anasema atamfikishia mwenye fleti.

Shangazi Mwanaidi: Rehema usitume hata shilingi! Kwanza mkataba usainiwe, halafu amana ikae kwa wakili wa muuzaji. Na wewe uwe na wakili wako, si huyohuyo mmoja wa kuwahudumia nyote wawili.

Mjomba Athumani (Kisauni): Assalaam aleikum wanangu. Mie nauliza, ardhi ni ya nani? Huku pwani nyumba nyengine huuzwa bila ardhi. Mtu ana kuta na paa, chini ni kwa mwengine, na kila mwezi amlipa kodi ya kiwanja. Mgeni kutoka bara hununua akidhani kapata vyote.

Rehema: Lakini hii ni ghorofa, Mjomba.

Mjomba Athumani (Kisauni): Hata ghorofa yasimama juu ya ardhi, mwanangu.

Juma: Ni kweli. Kwa sheria ya 2020 kila fleti inaweza kuwa na hati yake peke yake. Itishe namba ya hati, wakili afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Ataona kama kuna benki inaidai au kuna zuio la mahakama. Na kama muuzaji ana mke, mke naye akubali kwa maandishi.

Shangazi Mwanaidi: Na ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, ni juu yako mnunuzi. Mjini ni asilimia 4, kwa hiyo laki mbili nje ya bei.

Rehema: Hiyo dalali hakuitaja. Kodi ya mpangaji aliniambia ni 30,000 kwa mwezi.

Juma: Wacha nipige hesabu.

Juma: Tuseme mwezi mmoja kwa mwaka iko tupu. Unabaki na 330,000. KRA, mamlaka ya mapato, wanachukua 7.5% ya kodi yote ya mpangaji bila kutoa gharama, 24,750, unalipa kila mwezi kabla ya tarehe 20. Ada ya jengo tuseme 4,000 kwa mwezi, 48,000. Wakala wa kukusanya kodi tuseme 10%, 33,000. Inabaki 224,250. Kwa mwezi ni kama 18,700. Na pesa ya kununua unatoa wapi?

Rehema: Nina nusu. Nusu nyingine nakopa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, riba asilimia 1 kwa mwezi.

Juma: Basi mwezi wa kwanza riba peke yake ni 25,000. Bado hujagusa deni lenyewe. Utakuwa unaongeza kutoka mshahara wako kila mwezi, hata mpangaji akilipa vizuri.

Rehema: Nilidhani kodi italipa mkopo 😔 Nilitaka Mama awe na kitu kinachoingia kila mwezi.

Mama: Mwanangu, mimi sina haraka. Usijiumize kwa ajili yangu.

Mjomba Athumani (Kisauni): Tena uliza maji. Fleti nyingi huku watumia kisima na maji yana chumvi. Mifereji yaoza, hita yaoza, na upepo wa bahari wala vyuma vya madirisha. Wewe uko Nairobi, fundi akikwambia bomba limekufa utajuaje? Yataka mtu wa kwenda kutazama.

Rehema: Mjomba, unaweza kunisaidia kwa hilo?

Mjomba Athumani (Kisauni): Jumapili nitakwenda inshallah. Nitaonja maji, niwaulize wapangaji wa jengo walipa ngapi hasa, na kama kuna nyumba zimekaa tupu. Si kumuuliza dalali.

Shangazi Mwanaidi: Allah akuweke kaka. Rehema, ikibidi ungoje mwaka uongeze akiba, ngoja. Bamburi haihami.

Juma: Au utafute ya bei ya chini ambayo nusu yako inakaribia kuimaliza. Nitumie zote unazoona nikupigie hesabu.

Rehema: Asanteni sana. Nimemwandikia dalali anipe namba ya hati na jina la wakili wa muuzaji. Laki tano situmi.

Rehema: Amejibu. Anasema kuna mteja mwingine anayelipa leo.

Shangazi Mwanaidi: Mwache alipe.