Programu inampa asilimia 90, shuleni kapata 34. Tatizo liko wapi?

FundiMakorora

Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni fundi cherehani, niko Makorora hapa Tanga. Naishi na mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mwaka jana jiografia ilimshinda kabisa. Mteja wangu mmoja akanishauri nimlipie programu ya mazoezi ya mtandaoni, ile ambayo ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa inakushusha. Nikalipa. Kijana kaipenda kwelikweli, jioni badala ya kwenda kijiweni anakaa barazani na simu yangu anabofya. Kila wiki naletewa ujumbe: usomaji wa ramani, asilimia 90. Hadi mama kijijini nilishampigia kumwambia.

Juzi wamefanya jaribio la kusoma ramani peke yake. Kapata 34 kwa mia. Karatasi ninayo hapa mezani. Kupima urefu wa barabara kakosa. Eneo la bwawa kakosa. Kuchora umbo la mlima kutoka kwenye kontua, ile mistari ya kimo kwenye ramani, kaacha wazi kabisa, hata mstari mmoja hakuna. Halafu kuna lile swali la saa: Greenwich ni saa sita mchana, je mahali palipo nyuzi 39 mashariki ni saa ngapi? Kaandika 8:36, mwalimu kakata kwa wino mwekundu. Nikamuuliza, akaniambia "dada, ni saa nane na dakika thelathini na sita, hesabu mwenyewe". Nimehesabu na mimi naona kama yuko sawa, au?

Mwalimu wake anasema nimnyang'anye simu. Yeye anasema mwalimu hampendi tu. Mimi jiografia niliishia kupaka rangi ramani ya Afrika, siwezi kuwaamua. Niendelee kulipia au niache? Bando lenyewe mnalijua lilivyo siku hizi.

---

BajajiChuda

Dada, simu ni simu. Unadhani saa tatu usiku mtoto anasoma Bonde la Ufa? Fungua uone alichokuwa anatazama.

---

KijanaWaKange

Mkuu hapo juu, usimhukumu mtoto wa watu. Asilimia 90 haiji kwa kutazama video za mpira.

Dada Fundi, kazi yangu iko karibu na mambo haya, ngoja nikueleze programu hizi zinavyofikiri. Kila swali lina namba yake ya ugumu. Mwanafunzi naye anawekewa namba ya uwezo. Ukipata, namba yako inapanda, ukikosa inashuka, halafu unaletewa swali linalokaribiana na hapo ulipo, lisiwe la kukuchosha wala la kukukatisha tamaa. Wazo hilo lilikuwepo kabla ya simu janja. Mtaalamu wa takwimu wa Denmark, Georg Rasch, alichapisha hesabu zake mwaka 1960. Kwa hiyo si uganga, na inafanya kazi.

Ila inafanya kazi kwa masharti mawili. La kwanza, majibu yawe ya mtu mmoja. La pili, yawe majibu kweli, yasiwe bahati. Swali lenye chaguo nne, hata mbuzi akikanyaga simu atapata moja katika kila manne. Na zile zenye kitufe cha kidokezo, mtoto akibofya mara mbili jibu linabaki uchi, na nyingine bado zinamhesabia kwamba amepata.

Sasa naomba unijibu: hiyo simu anaitumia yeye peke yake? Na anabofya kidokezo?

---

FundiMakorora

Asante kaka. Umenigusa penyewe. Kuna binti wa jirani yuko kidato cha nne, huwa anakuja wanafanya pamoja. Huyo binti jiografia anaiweza. Na kuna siku wanakuja na wenzao, wanapokezana. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba hela yangu inasaidia watoto wengi. Kidokezo anasema anabofya "mara chache", na anavyolisema hilo anatazama pembeni.

---

KijanaWaKange

Basi umepata nusu ya jibu. Hiyo programu inamfundisha mtu ambaye hayupo duniani. Ana akili ya binti wa jirani, haraka ya mdogo wako na utani wa wenzao. Inampandishia maswali huyo mtu, na mdogo wako anabaki kutazama. Angalia kwenye mipangilio kama unaweza kuongeza mwanafunzi mwingine, nyingi zinaruhusu. Kila mtoto aingie kwa jina lake. Ya mdogo wako ianze upya kutoka sifuri, asilimia itashuka na atanuna, mwache anune.

---

MwalimuMstaafu_TA

Binti yangu Fundi, nimefundisha jiografia miaka mingi, Lushoto na baadaye hapa mjini. Huyo kijana wa Kange amesema vizuri kuhusu mashine. Mimi niseme kuhusu karatasi.

Nianze na lile swali la saa, maana hapo mdogo wako ameonewa na hajaonewa. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 ni saa moja, na uzi mmoja ni dakika 4. Mara 39 ni dakika 156, yaani saa mbili na dakika 36. Amekokotoa sawasawa. Greenwich ni saa sita mchana, kwake ni saa nane na dakika 36 mchana. Lakini mtihani wa sekondari unafanywa kwa Kiingereza, na saa ya mtihani ni ile ya kuanzia usiku wa manane. Alitakiwa aandike 2:36 p.m., au 14:36. Ukiandika 8:36 msahihishaji anasoma jioni au asubuhi, na anakata.

Sasa tazama kilichotokea kwenye simu. Pale kulikuwa na majibu manne, naamini 8:36 haikuwepo. Yeye akaona dakika 36 zimekaa mahali pamoja tu, akabofya. Akapewa tiki. Kosa lake likafichwa na chaguo. Na angekosa vilevile ingekuwa balaa, maana programu ingeona hajui longitudo ikamrudisha kwenye ikweta na Greenwich, vitu anavyovijua. Mashine inajua kwamba umekosa. Kwa nini umekosa, haijui, na hapo ndipo mwalimu anapokula mshahara wake.

Mwambie pia asichanganye saa ya jua na saa ya ukutani, wengi wanaanguka hapo. Saa yetu ya ukutani Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45, saa tatu mbele ya Greenwich, na Tanga haiko huko, iko 39. Ndiyo maana adhuhuri hapa haiingii saa sita kamili. Na ndiyo maana mwezi wa Ramadhani Tanga tunafuturu, ndugu zetu Kigoma bado wanatazama jua zaidi ya nusu saa. Wao wako karibu nyuzi 30. Tofauti ya nyuzi tisa, mara nne. Kila mtoto wa Tanga amesikia redioni nyakati za futari kwa mikoa, ni somo la longitudo linalosomwa bure na hakuna anayelishtukia.

Haya, kupima. Ramani za shule nyingi ni za 1:50,000. Sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Barabara ikiwa sentimita 9.4, ni kilomita 4.7. Hesabu hiyo hata wewe umeshaimaliza kichwani. Kazi iko kwenye kuipata hiyo 9.4, kwa sababu barabara haikunyooka. Unachukua uzi, unaulaza juu ya barabara kona kwa kona, unaubana kwa kucha kila inapopinda, halafu unaunyoosha kwenye rula. Uzi kwako haukosekani.

Kwenye programu, mwanafunzi hapimi. Anaambiwa "urefu kwenye ramani ni sentimita 9.4, tafuta kilomita". Wamemfanyia kazi ngumu, wamemwachia kuzidisha. Na hawana jinsi! Kwenye kioo cha simu ukiikuza ramani kwa vidole viwili, barabara inarefuka na ile 1:50,000 iliyoandikwa pembeni inakuwa uongo palepale. Skeli pekee inayobaki kweli ni ile ya mstari, iliyochorwa kwenye ramani yenyewe, kwa kuwa inakua nayo. Muulize mdogo wako kwa nini, akikujibu bila kubabaika mnunulie soda.

Umbo la mlima nalo ni hivyohivyo. Unatega ukingo wa karatasi toka kituo A hadi B, unatia alama kila kontua inapokatiza, unaandika namba yake, unahamishia kwenye grafu. Ni kazi ya mkono. Mtoto ambaye hajawahi kuifanya ataacha wazi, kama alivyoacha. Akishachora, ndipo lile swali la mlima kurefushwa wima linapopata maana: skeli ya mlalo 1:50,000, ya wima ameweka sentimita moja kwa mita 50, yaani 1:5,000. Gawanya, mlima wake umerefushwa mara 10. Kwenye simu anakariri kanuni, kwenye grafu anaona mwenyewe kilima kimesimama kama mnara.

Kwa hiyo usiache kulipia, na usimwachie simu peke yake. Namba za gridi (ile miraba ya ramani), kubadili skeli, aina za mawingu, miamba, majina ya mito, hayo mashine inayasukuma vizuri kuliko mimi, maana haichoki kurudia. Kupima, kuchora na kueleza kwa sentensi kamili, karatasi. Na awe na daftari dogo. Kila swali alilokosa aandike sababu kwa maneno yake: nilisoma gridi kwa kuanza kaskazini, nilisahau kugawa kwa laki moja, sikuelewa swali. Baada ya muda mtamjua adui yake.

---

PongweHGL

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Niongeze kidogo tu.

Bando: tumia AnkiDroid, ni bure, inafanya kazi bila intaneti. Unatengeneza kadi zako mwenyewe na inakurudishia ile unayoisahau. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu. Ukitaka majina ya nchi na miji mikuu tu, Seterra inatosha.

Ila hizi programu za nje zina mifano ya kwao. Nilipewa swali la upande wa mlima usiopata mvua, picha ilikuwa ya Marekani, nikaikariri hivyohivyo. Kumbe ninayo hapa. Upepo unatoka baharini, unapanda Usambara, unapoa, unamwaga mvua Amani, ukishuka upande wa pili kuelekea Mkomazi hauna kitu, pakavu. Mapango nayo: swali linataja mapango ya Ulaya, na Amboni iko hapo mlangoni kwetu. Mvua inabeba kaboni dayoksaidi, inakuwa asidi hafifu, inayeyusha chokaa, tone likining'inia darini linaacha chokaa kidogokidogo. Mtihani ukisema toa mfano, andika Amboni, msahihishaji anapajua.

---

MwalimuMstaafu_TA

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye Amani umenifurahisha.

---

FundiMakorora

Shikamoo mwalimu, na wote mbarikiwe. Leo nimekwenda stesheneri na mdogo wangu, tumetoa kopi ya ramani ya mwalimu wao. Imeandikwa 1:50,000 kama ulivyosema. Tumerudi, nimempa uzi, kapima barabara, tukalinganisha na jibu la mwalimu kwenye karatasi ya jaribio. Haifanani! Yetu fupi. Kapima tena, ileile. Sasa anasema hata karatasi ni muongo, bora simu. Nimjibu nini mimi?

---

MwalimuMstaafu_TA

Marahaba. Muulize aliyetoa kopi kama ramani ilikuwa karatasi kubwa ya A3 akaibana iingie A4. Halafu pima mraba mmoja wa gridi. Kwenye 1:50,000 kila upande unatakiwa uwe sentimita mbili kamili.

---

FundiMakorora

Ni sentimita moja na milimita nne. Na ndiyo, aliibana, alisema ndivyo karatasi yake inavyoruhusu.

---

MwalimuMstaafu_TA

Basi usiitupe, hiyo ni zawadi. Sentimita 1.4 sasa inasimama badala ya kilomita moja, na kilomita ina sentimita laki moja. Mwache atafute skeli mpya mwenyewe, itamjia karibu 1:71,000. Afute ile iliyoandikwa, aandike yake kwa penseli, apime barabara upya. Itafanana na ya mwalimu.

Kisha mpe mtego mmoja: karatasi imepungua, je, kontua nazo zimeshuka kutoka mita 20 hadi 14? Akisema ndiyo, mrudishe kwenye grafu. Ardhi haijaguswa na mashine ya kopi, 20 ni 20. Ila akikokotoa mteremko kwa ramani hiyo, atumie urefu wa mlalo kwa skeli yake mpya, asije akachukua ile ya zamani kwa mazoea.

Kesho kutwa mlete jibu hapa.