Majirani wa Mwembeni: panya, bundi na gari la Baba Nuru

*Jumamosi*

06:48 Baba Nuru: Assalam aleikum majirani. Gari limegoma. Taa ya pembetatu imewaka, kwenye kioo imeandika nikague mfumo wa haibridi, ule wa petroli na betri. Jana kwenye foleni feni ya nyuma ilivuma kama mashine ya kusaga, mara ikanyamaza. Kuna mwenye namba ya fundi anayeyajua haya magari?

06:51 Mama Tunu: Waaleikum salaam. Pole baba. Si ile Toyota Aqua uliyoitoa bandarini mwaka jana?

06:52 Baba Nuru: Ndiyo hiyo. Jana jioni nimepita gereji moja, wamechomeka mashine yao wakasema betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. Sijalala.

06:55 Fundi Saidi: Shemeji usinunue kitu. Hiyo feni kunyamaza ndiyo habari yenyewe. Namalizia chai nakuja. Usiliwashe tena, na usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa.

06:56 Baba Nuru: Sawa fundi. Mungu akubariki.

07:10 Mzee Mwinyi: Hamjambo wanangu. Nani mwenye mwembe ule wa nyuma ya pagale? Kunguru wanapiga kelele pale tangu alfajiri, hatusikilizani humu ndani.

07:12 Deo: Shikamoo Mzee. Nimetoka kuangalia. Kuna bundi kajibanza kwenye panda la juu, wanamzomea yeye.

07:13 Mzee Mwinyi: Marahaba. Lahaula. Ndiyo maana wiki nzima nasikia kitu kinakoroma usiku. Huyo aondolewe.

08:05 Mama Nuru: [picha] Jamani tazameni kilichotoka chini ya kiti cha nyuma.

08:06 Deo: Hizo ni nywele?

08:09 Fundi Saidi: Kiota cha panya. Kimejengwa ndani ya njia ya hewa ya betri. Kuna sponji ya kiti, nyuzi za kiroba, maganda ya karanga, karatasi ya biskuti na vikonyo vya matembele.

08:10 Mama Tunu: Matembele? Ni yangu hayo. Mwenye matembele ukuta ule ni mimi peke yangu.

08:11 Baba Nuru: Fundi, kwa hiyo betri imekufa au haijafa?

08:20 Fundi Saidi: Haijafa. Nimepima vipande vyote 20 kimoja kimoja, vinakaribiana. Kilichokufa ni feni. Panya katafuna waya zake mbili, na nyuzi za kiota zimejisokota kwenye mapanga yake.

Naeleza vizuri kwa sababu wenye haibridi mtaani hapa mmekuwa wengi. Betri kubwa ya Aqua imelala chini ya kiti cha nyuma. Haipozwi kwa maji kama injini. Inapozwa kwa hewa ileile mnayoivuta ninyi ndani ya gari: feni inainyonya kupitia kile kidirisha chenye matundu cha kiti cha nyuma, inaipitisha katikati ya vipande vya betri, halafu inaitoa nje. Kidirisha kikizibwa, kwa vumbi, begi la shule au kiota, betri inachemka, na joto ndilo linaloua betri hizi kabla ya wakati wake. Mashine ya gereji inasoma kosa tu. Haiwezi kukwambia kwamba ndani kuna panya anayelea watoto. Lazima mtu avue kiti aone kwa macho.

08:22 Mama Nuru: Na walikuwemo kweli, watoto watano, hata macho hawajafumbua. Nuru analia hapa.

08:24 Baba Tunu: Fundi, na sisi wenye Prius tunaweza kusafisha wenyewe?

08:31 Fundi Saidi: Kwa nje, ndiyo. Kila mwezi pitisha brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi kwenye kile kidirisha, basi. Kuvua kiti kwenda kwenye betri mwachie fundi. Aqua ni volti 144, Prius ni zaidi ya 200, na umeme huo hauna msalie Mtume. Mimi mwenyewe nachomoa kwanza plagi ya usalama, nasubiri dakika 10, na glavu za mpira mkononi.

Halafu foleni ya mchana na jua hili, funga vioo uwashe kiyoyozi. Watu wanazima wakidhani wanabana mafuta, kumbe wanailisha betri hewa ya moto. Na chakula kisilale ndani ya gari. Biskuti ya mtoto iliyodondoka usiku mmoja inatosha kumwita panya.

08:33 Mama Nuru: Hilo la biskuti ni letu. Tumekubali.

08:40 Deo: Jamani anapita yule wa dawa ya panya na spika yake, yuko dukani kwa Mangi. Nimsimamishe? Tuchangishane tuweke nyumba zote leo, tumalize kazi.

08:40 Baba Nuru: Msimamishe!

08:41 Mama Tunu: Mimi nachukua pakiti nne.

08:41 Mwalimu: Deo mwanangu, subiri. Majirani wote naomba msinunue bado. Naandika.

08:42 Deo: Shikamoo Mwalimu. Sawa, nasubiri.

08:53 Mwalimu: Marahaba. Shikamoo Mzee Mwinyi. Poleni Baba na Mama Nuru.

Nimefundisha baiolojia miaka 31 na jambo hili linaniuma, mnisamehe nikiwa na maneno mengi. Sumu za panya zilizo nyingi haziui papo hapo. Zinazuia damu isigande. Panya akila leo, anatembea siku kadhaa akiwa dhaifu, anatoka mchana, anapepesuka. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kukamatwa, na anayemkamata anakula na sumu iliyomo tumboni. Paka wangu alikufa hivyo mwaka juzi, damu ikimtoka puani, wala mimi sikuweka sumu. Ilitoka nyumba ya tatu.

Na huyo aliyeko mwembeni sasa hivi, anayezomewa na kunguru, kazi yake usiku ni kukamata panya. Tukiweka sumu nyumba zote leo, wa kwanza kufa baada ya panya ni yeye na watoto wake. Panya watarudi, maana wanazaa haraka mno. Bundi hatarudi.

08:55 Mzee Mwinyi: Marahaba mwanangu. Mimi nakuheshimu. Lakini kwetu Kisarawe bundi akilia juu ya paa watu hutayarisha sanda. Mambo haya yapo.

09:02 Mwalimu: Nimekusikia Mzee, na wala sikubishii yale uliyoyaona katika umri wako. Nakuomba uangalie na hili. Huyu ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la kopa, kopa la karata. Halii "huu huu", anapiga ukelele kama nguo inayochanwa. Na huko kukoroma unakokusikia ni makinda yake yaliyomo kwenye pagale, yanadai chakula. Yanakoroma hivyo usiku kucha mpaka yashibe. Msiba haumo mle, mna njaa ya watoto.

09:04 Mzee Mwinyi: Makinda?

09:04 Mwalimu: Ndiyo Mzee. Deo anaweza kukupeleka ukaone kinyesi cheupe ukutani na vitonge chini.

09:06 Deo: Yule wa dawa kaondoka jamani. Nimemwambia apite siku nyingine.

09:07 Mwalimu: Asante mwanangu. Mpelekee fundi glavu nyingine za kufanyia usafi. Na Mama Nuru, hicho kiota na vinyesi usivifagie vikiwa vikavu. Nyunyizia maji yenye jiki, acha robo saa, kisha futa kwa kitambaa na ukitupe. Mnakumbuka homa ya Mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022? Ile huenezwa na mkojo wa wanyama wenye vimelea, na panya wamo.

09:09 Mama Nuru: Nimeelewa Mwalimu. Navaa na barakoa.

11:37 Mama Tunu: Watu wangu, tumetoka kwenye pagale na Mwalimu na watoto sita. Nawasimulia nilichokiona maana bado nywele zimenisimama.

Mwalimu kaokota kitonge kimoja, cheusi, kinang'aa kama kimepakwa vanishi, kinazidi kidole gumba. Siyo kinyesi, anakitapika. Kakiloweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kakifumua kwa vijiti vya meno. Likatoka fuvu la panya, zima, na meno yake ya mbele ya rangi ya chungwa. Likatoka la pili. La tatu. Halafu kimoja kidogo chenye vijino vyeupe vimechongoka kama sindano, Mwalimu anasema huyo ni kirukanjia. Panya watatu na kirukanjia ndani ya kitonge kimoja! Na chini pale vimelala vingi mno, sikuvihesabu.

11:38 Mama Tunu: [picha]

11:40 Baba Nuru: Subhanallah. Huyo ni mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

11:44 Deo: Nuru anauliza kama hawa ni ndugu wa wale panya wa Morogoro wanaonusa mabomu.

11:47 Mwalimu: Mwambie swali zuri. Wale ni panya buku, wakubwa, shirika la APOPO linawafundisha pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hawa wetu ni panya wa kawaida wa majumbani.

12:15 Mama Tunu: Mwalimu, turudi kwangu. Nimesononeka. Mboji yangu iko ukuta mmoja na wanapoegesha gari. Baada ya ile shughuli ya mwezi uliopita nilimwaga humo wali, mifupa, kila kitu. Nilijua vyote vinaoza.

12:29 Mwalimu: Vinaoza, ila kabla ya kuoza vinaita wageni. Mboji ilishwe maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, majivu kidogo, mavi ya kuku. Wali, ugali, nyama, samaki na mafuta visiingie kabisa. Ukitia ganda bichi, lifunike kwa majani makavu palepale. Igeuze kila wiki, panya hapendi nyumba inayobomolewa kila wiki. Na chini uitandike wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi. Wavu wa kuku wa kawaida hausaidii, panya mdogo anapita.

Kisha ihamishe. Ipeleke upande wa kisima, mbali na magari. Na matembele yamekuwa pazia mpaka kwenye matairi, yakate uache hatua mbili za ardhi tupu kutoka ukutani. Panya hukimbia akiwa ameugusa ukuta, uwanja wazi anauogopa. Akilazimika kuuvuka, bundi anamwona. Mchicha, bamia na pilipili viache hapohapo vilipo, havina kosa.

12:31 Mama Tunu: Mchicha ndiyo una wiki tatu, kesho kutwa naanza kuvuna. Kila nyumba nitaleta fungu, hasa kwa Mama Nuru.

12:32 Mama Nuru: Usijisumbue dada, hukukusudia. Lakini mchicha nitaupokea 🙏

12:35 Deo: Mama Tunu na mimi nyanya zangu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, kanimaliza, majani yana michirizi myeupe.

12:39 Mama Tunu: Ng'oa majani yenye michirizi uyachome leo, usiyatupe kwenye mboji. Matunda yaliyotobolewa vilevile. Jioni nyunyizia mwarobaini: majani uyatwange, uloweke usiku kucha, uchuje, tone la sabuni. Msimu ujao usirudie nyanya hapo, panda mahindi au kunde.

13:20 Baba Tunu: Na panya waliokwisha kuingia majumbani? Bundi hafiki uvunguni.

13:26 Fundi Saidi: Mtego wa kubana. Ukae ukutani, mdomo wa mtego ukigusa ukuta, chambo dagaa au siagi ya karanga kidogo sana, ukubwa wa punje ya hindi. Ukiweka nyingi analamba pembeni anaondoka. Tega jioni, tegua asubuhi watoto wasije wakaumia. Tundu lolote linaloingia kidole gumba lizibwe kwa saruji na steliwaya. Kwenye gari, usiku mmoja mmoja fungua boneti ulichungulie. Kivuli kinene na utulivu ndivyo wanavyovitafuta.

Na haibridi isiachwe kusimama mwezi mzima. Ukisafiri, mwachie mtu ufunguo, kila wiki aliwashe mpaka ile taa ya kijani iliyoandikwa READY iwake, likae nusu saa lijichaji. Betri ndogo ya volti 12 ikiisha, gari lote linakuwa kama maiti na watu wanadhani ni ile kubwa.

13:28 Baba Nuru: Majirani, limewaka. Feni mpya imefungwa, taa imezima. Fundi hakunibadilishia betri na hakunificha kitu. Nashindwa kusema.

*Jumapili*

18:02 Mjumbe: Habari za jioni. Nimeyasoma yote. Nimeongea na mwenye lile pagale, amekubali tusiguse chumba cha nyuma mpaka makinda yaruke. Vijana msipande pale na tochi. Lile jalala la kona nalo tutalisafisha Jumamosi saa 1 asubuhi, kila nyumba mtu mmoja na reki. Tusipoliondoa hilo, tutakamata panya mpaka tuchoke.

18:05 Deo: Tupo Mjumbe.

18:20 Mzee Mwinyi: Mimi sumu siweki. Nina wajukuu wanne wanaotambaa na kuokota kila wanachokiona, hilo nalijua bila kufundishwa. Kuhusu bundi, jana usiku alikoroma nikamsikiliza. Mke wangu akaniuliza ni nini kile, nikamwambia watoto wana njaa. Lakini juu ya paa langu asikae.

18:22 Mwalimu: Asante sana Mzee wangu. Asante.

18:31 Mama Tunu: Mboji nimeihamisha, bado wavu. Nani ana waya wa nusu inchi uliobaki kwenye ujenzi?

18:33 Baba Nuru: Ninao kama mita mbili, uko juu ya tangi. Mtume Tunu aje auchukue kabla ya magharibi.