Chensoo ya mzee (Stihl 070) inawaka vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inazima na haiwaki tena

BintiMpasuaji

Wakuu habari za humu. Naombeni msaada maana nimekwama kabisa. Nina chensoo ya baba yangu, Stihl 070 ya zamani ile ya platini (vijiungo vinavyofunga na kufungua umeme wa plagi), kaitumia tangu sijazaliwa, amepasulia mbao za mpaini huku Mafinga mpaka mgongo ukamkatalia, ikawekwa stoo miaka sita na mafuta yake ndani. Mwaka huu nimepata kazi ya kupasua milingoti kwenye shamba la mtu nikasema badala ya kukodi mashine kila siku bora niifufue hii ya nyumbani.

Nilichofanya mpaka sasa, tenki nimeosha, mpira wa mafuta nimebadili (ule wa zamani nilipoushika tu ulivunjika kama biskuti), chujio jipya, plagi mpya, kabureta nimeifungua nikapuliza nikarudishia na dayaframu zake (viwambo vyembamba vya ndani) zilezile maana hazijatoboka. Mvuto wa nne ikawaka! Mzee alikuwa kalala ndani akatoka na fimbo yake mpaka uani, hakusema kitu, kasimama tu anasikiliza.

Sasa shida. Inapiga kazi dakika kumi, kumi na tano hivi, inaanza kukohoa inazima. Ukishafika hapo vuta mpaka bega litoke, haiwaki. Iache kama dakika arobaini ipoe, inawaka kama hakuna kilichotokea. Halafu kingine, kwenye sailensi (mlio wa chini bila kubana mafuta) ukiilaza ubavu mlio unapanda wenyewe.

Fundi mmoja mjini kasema imechoka ninunue kabureta na silinda mpya, bei aliyonitajia siiwezi. Mwingine kasema koili, ile inayozalisha umeme wa plagi. Hela niliyonayo ni ya kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

MzeeWaMagogo

Binti yangu usinunue chochote kwanza. Hao mafundi wawili wamekutajia vifaa ila hakuna hata mmoja aliyeiona mashine ikizima, sasa wanajuaje? Mashine ya namna hii inasema ugonjwa wake kwenye dakika ile ya kwanza baada ya kuzima, ikishapoa ushahidi umepotea.

Fanya hivi. Toa mnyororo kabisa, iwashe, ipigishe kazi mpaka ijizimie yenyewe. Uwe na spana ya plagi mfukoni na plagi nyingine nzima pembeni. Ikizima tu kitu cha kwanza fungua kifuniko cha tenki taratibu huku umetega sikio. Ukisikia inavuta hewa fyuuu basi tundu la kupumulia la tenki limeziba, mafuta yanashindwa kushuka, na hapo hutatoa hata senti, unazibua tu. Kama kimya, funga tenki vizuri, ng'oa plagi uitazame. Imelowa? Mafuta yanafika, umeme ndio haupo. Ni kavu? Umeme achana nao kwa sasa, ugonjwa uko kwenye mafuta.

Halafu ivalishe ile plagi ya pili kofia ya waya wa plagi, igusishe kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu la plagi (mvuke wa petroli unaotoka hapo unashika moto, nimeshaona nyusi za mtu zikiungua), simama kivulini, vuta kamba. Cheche ya bluu yenye mlio wa ta! ni nzima. Ya njano iliyolegea au hakuna kabisa, umeme unakufa kwa joto.

Kuhusu silinda, mashine inayowaka kwa mvuto wa nne baada ya miaka sita stoo haijafa silinda. Lakini usiniamini mimi, fungua ekzosti uchungulie pistoni kwa tochi. Ikiwa inang'aa na mistari ya kawaida ya kunolewa inaonekana, nzima. Ikiwa na michirizi mirefu ya kukwaruzika upande wa ekzosti, rudi hapa tuongee upya.

PawaYaEldoret

Sasa dadangu. Huku Kenya tunaiita pawa, na 070 nazijua sana. Yangu ililala tangu serikali ipige marufuku ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, nikaisahau kwa kona na petroli ndani, kwa hivyo hayo ya mpira kuvunjika kama biskuti nimeyapitia.

Wacha nikuambie kuhusu dayaframu. Kutotoboka si kuwa nzima. Toa ile ya upande wa mafuta, iweke karibu na sikio uibonyeze na kidole cha gumba. Ikilia kwak-kwak kama karatasi ya nailoni imekauka, tupa. Inatakiwa iwe laini, inanyamaza. Iliyokauka inashindwa kuvuta ile kileva kidogo cha sindano ya mafuta, injini inakosa mafuta ikishapata joto. Kit ya dayaframu na gasketi ni pesa kidogo, sio kama kabureta nzima. Kabureta hizi za Tillotson aina ya HL ni chuma kweli, ukizitunza zitakuzika, hizo kopi mpya ndio sizipendi kabisa. Ukifungua angalia hicho kileva kiwe sawa na sakafu ya chumba chake, kisiinuke kisizame. Skrubu zote mbili za kurekebisha mafuta anza na mzunguko mmoja kutoka kufungwa.

Lakini hiyo ya mlio kupanda ukiilaza imenishtua. Hiyo ni hewa inaingia mahali haifai. Usiendelee kuikatia mbao kwa hali hiyo, hewa ikizidi mafuta yanakuwa machache na oili inayolainisha pistoni iko ndani ya hayo mafuta. Ndio vile watu huua silinda nzuri.

FundiPlatini

Nakubaliana na hapo juu ila mimi naweka pesa yangu kwenye kondensa. Nimefungua nyingi za hivi, dalili ya "baridi inawaka, moto inazima, ikipoa inarudi" mara nyingi nimekuta kale kakopo kadogo kanakokaa na platini chini ya magneto (gurudumu lenye sumaku). Kazi yake ni kuumeza umeme pale platini zinapofunguka ili koili ikatwe ghafla, ndipo plagi inapata nguvu. Kondensa ikizeeka, ikipata joto inavuja, umeme unaruka kwenye platini zenyewe badala ya kwenda kwenye plagi. Chungulia platini, zikiwa zimeungua rangi ya bluu au nyeusi na moja imeota kichuguu nyingine ina shimo, kondensa imekwisha.

Koili nayo inaweza kuleta shida hiyohiyo, simlaumu aliyesema koili, ila koili ni ghali na kondensa ni rahisi, kwa hiyo anza na ya rahisi. Tena ukikosa ya kwake, kondensa ya gari la zamani la platini inafanya kazi ileile, zinacheza kwenye mikrofaradi 0.2 hivi. Unaifunga nje mahali pasipo na joto, waya wake unauunga palipounganishwa platini, bodi yake inagusa chuma cha mashine. Ile ya zamani lazima uikate waya, ukiiacha mle ndani itaendelea kuvujisha na utasema nimekudanganya.

Platini zisugue na msasa laini sana halafu pitisha karatasi safi katikati mara mbili tatu mpaka itoke bila weusi, alama ya kidole tu yenye oili inatosha kuua cheche. Nafasi 0.3 mpaka 0.4 mm kwa fila gegi (vibamba vya kupimia nafasi), plagi 0.5. Na magneto itolewe kwa pula, TAFADHALI usigonge ncha ya krenki (mhimili wa injini) kwa nyundo, krenki ikipinda hapo hata mimi sina dawa.

Kuhusu hewa, oili sili (pete za mpira zinazoziba pembeni mwa krenki) zimekauka kama mpira wa mafuta ulivyokauka, vyote vimelala stoo moja. Kupima nyumbani sio ngumu: chukua plagi mbovu, toa kaure yote ya ndani, chomelea pale valvu ya tairi. Ziba ekzosti na njia ya kabureta kwa vipande vya mpira wa tyubu ukikaza bolti juu yake, shusha pistoni mpaka chini kabisa, funga hiyo plagi, jaza upepo nusu ba (kipimo cha mgandamizo) tu, isizidi. Paka povu la sabuni nyuma ya magneto na nyuma ya klachi. Ikivuja utaona mapovu.

BintiMpasuaji

Shikamoo MzeeWaMagogo, na asanteni wote. Nimefanya leo asubuhi. Ilizima dakika ya kumi na mbili. Tenki kimya. Plagi imelowa chepechepe. Cheche hakuna kabisa! Nikakaa pale pale nikawa nairudia kila dakika tano, ya kwanza kuonekana ilikuwa ya njano hafifu baada ya kama nusu saa. Pistoni nimechungulia inang'aa, mzee naye kachungulia kasema "hiyo bado".

Dayaframu inalia kwak-kwak vile vile kaka wa Eldoret alivyosema, nimecheka mwenyewe. Upepo sijapima bado natafuta wa kunichomelea valvu.

MzeeWaMagogo

Marahaba binti. Basi umeshaokoa hela ya silinda. Kondensa, kit ya dayaframu, na oili sili kama povu litasema hivyo. Sili usizitafute kwa jina la mashine, peleka za zamani duka la beringi wakupimie kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Ukifungua klachi angalia mshale kwanza, kwenye misumeno mingi uzi wake ni wa kinyume, unafungua kwa upande ambao umezoea kukaza.

BintiMpasuaji

Naleta mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita. Mapovu yalitoka upande wa magneto, kidogokidogo lakini hayakati. Sili nimepata zote mbili. Kondensa nimetoa kwenye gari bovu la jirani, alinipa bure, nimeifunga chini ya hendo ya nyuma. Platini zilikuwa na kichuguu na shimo kama FundiPlatini alivyosema.

Jana imepiga saa nzima na nusu, nikizima na kujaza mafuta tu, mvuto mmoja inawaka ikiwa moto! Ukiilaza mlio hautikisiki. Mzee aliomba aishike, nikamshikia mbele yeye kashika nyuma, ni zaidi ya kilo kumi hii na baa yake (bamba refu linalobeba mnyororo).

Maswali mawili. Nikibana mafuta mpaka mwisho na haikati kitu, mlio ukiwa juu kabisa inapiga kama inakwamakwama, nikaze skrubu ya mafuta? Na mnyororo nimeununua mpya ila mbao inatoka na mawimbi, inaenda polepole.

PawaYaEldoret

USIKAZE dada! Kabureta nyingi za mashine hizi zina gavana ndani, injini ikifika juu inamwagiwa mafuta ya ziada kusudi isipitilize. Huo mlio ndio gavana inafanya kazi. Ukiingiza kwenye gogo na mlio ukinyooka, uko sawa. Watu wengi hukaza kufukuza huo mlio na wanaishia na pistoni imeyeyuka. Mafuta changanya 1:25 kama oili yako ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli) ni ya kawaida, yaani lita tano na mililita 200. Ile ya 1:50 ni kwa oili ya Stihl wenyewe tu. Na usiweke mchanganyiko wa mwezi uliopita.

FundiPlatini

Mnyororo mpya wa dukani umenolewa nyuzi 30, huo ni wa kukata gogo kwa kukingama. Wewe unapasua kwa urefu, noa upya nyuzi 10 hivi, tupa ya duara 5.5 mm kama ni mnyororo wa saizi ya .404, meno yote yawe na urefu mmoja la sivyo ubao utaendelea kuwa na mawimbi. Oili chafu ya gari usiweke kwenye tenki la mnyororo, ina unga wa chuma, inakula pampu na baa.

Na hii ya zamani haina breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya baa isiguse kitu chochote, mkono wa kushoto ushike na gumba limezunguka hendo, na mtu asisimame mbele ya baa hata kama ni wa kushika kamba.

BintiMpasuaji

Nimeelewa wakuu. Kesho naanza kunoa, mzee kasema atakaa na mimi, tupa ya kwanza anataka aipige yeye.