"Raw Power" ya The Stooges: miksi ipi ndiyo iliyoigwa, na mlio ule wa gitaa unapatikanaje?

NyuziSita
Wakuu, naomba msaada wa wenye uelewa. Kila asili ya punk (roki ya kasi na kelele) inapojadiliwa, albamu ya The Stooges, Raw Power (1973), haikosi kutajwa. Shida ni kwamba yapo matoleo mawili yasiyofanana kabisa, kila moja na miksi yake (jinsi sauti za vyombo zilivyochanganywa). Moja gitaa na mwimbaji wako mbele, ngoma zinasikika kwa mbali. Jingine kila kitu kinanguruma hadi unadhani spika imepasuka. Waliofuata waliiga lipi? Pili, bendi ya watu wanne inayotaka kurekodi kwa mwelekeo huo ianzie wapi? Vifaa ni amplifaya ya vali ya wati 30, maikrofoni 6 na kompyuta. Mkwaruzo (distortion, sauti ya gitaa kupasuka) ukiongezwa, gitaa linageuka uji.

Santuri73
Lililoigwa ni la 1973, hapo hakuna mjadala. Vijana walioanzisha bendi 1976 na 1977 hawakuwa na jingine la kusikiliza.

Nyimbo zilirekodiwa studio za CBS, London, Septemba na Oktoba 1972, prodyuza akiwa mwimbaji wao Iggy Pop mwenyewe. Miksi yake ikakataliwa, kazi akakabidhiwa mwanamuziki David Bowie, naye akaimaliza Marekani kwa muda mfupi. Bowie alikuja kusimulia kwamba tepu ilikuwa na nafasi ya traki 24 (njia za kurekodi sauti kila moja peke yake), lakini kwa baadhi ya nyimbo alikuta zilizotumika ni tatu tu: bendi kwenye moja, gitaa la solo kwenye ya pili, sauti ya Iggy kwenye ya tatu. Ukikabidhiwa tepu ya namna hiyo, huwezi kugusa besi bila kuburuta na ngoma. Sikilizeni "Search and Destroy" kwa hedifoni: gitaa la solo linachomoza ghafla, kisha linazama. Lilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyowezekana kupandishwa na kushushwa.

La 1997 ni miksi mpya ya Iggy, na alisukuma mita ya sauti hadi kwenye nyekundu makusudi. Wastani wa sauti unakaribia desibeli -4, maana yake vilele vya mawimbi vimekatwa. Faida yake ni kwamba besi ya Ron Asheton inasikika vizuri. Miksi ya Bowie ilirudishwa sokoni 2010.

Mkitaka kulinganisha kwa haki, yaingizeni yote mawili kwenye programu ya kuhariri sauti, kisha shusheni la 1997 hadi yalingane kwa kipimo cha LUFS (ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), tuseme -18 kwa yote. Msiposhusha, sikio litachagua lenye kelele zaidi na kudhani ndilo bora. Na kabla ya kuligeuza kuwa mp3, punguzeni desibeli 2 au 3, la sivyo vilele vitakatwa kwa mara ya pili wakati wa kucheza faili.

KipazaMoto
Uji hauletwi na uchache wa mkwaruzo, unaletwa na wingi wake. Kinachosikika kwa James Williamson, mpiga gitaa wa Raw Power, ni gitaa la Les Paul ndani ya amplifaya ya Vox AC30, nayo ni ya wati 30 kama hiyo yenu. Wekeni pedali (vifaa vya mguu vya kubadili mlio) kabatini kwanza.

Chagueni pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya karibu na daraja. Pandisheni sauti ya amplifaya taratibu, mpigaji akigonga kodi moja (chord, noti kadhaa kwa pamoja): akipiga kwa upole isikike safi, akipiga kwa nguvu ipasuke. Mkifika hapo ongezeni kidogo tu, basi. Besi ya amplifaya ishuke, trebo ipande. Mkwaruzo ukizidi, noti ya tatu ya kodi inaanza kugombana na nyingine na huwezi tena kutambua ni kodi gani. Kama lazima uzidi, pigeni noti ya kwanza na ya tano peke yake. Tuneni gitaa kabla ya kila jaribio, maana mkwaruzo hauna huruma na uzi uliolegea.

Maikrofoni ikae sentimita 3 hivi kutoka kitambaa cha spika, katikati ya kitovu cha koni na ukingo. Kwenye kitovu inachoma masikio, ukingoni inakuwa butu. Kwenye kompyuta vilele visizidi desibeli -10. Mkwaruzo utoke kwenye vali, usitoke kwenye kadi ya sauti.

Gitaa la rithimu lipigwe mara mbili kweli, moja kushoto na jingine kulia. Kunakili traki ileile hakuleti upana wowote, kunaongeza sauti tu. Chini ya hezi 100 kateni kwenye magitaa yote, eneo hilo ni la besi na ngoma ya mguu. Solo iwe traki ya tatu, katikati kabisa, ishindane na mwimbaji. Mwangwi mkubwa achaneni nao.

Maikrofoni 6 zinatosha: ngoma ya mguu, ngoma ndogo, moja juu ya matoazi, besi, gitaa, mwimbaji.

Mpigabesi
Mkuu KipazaMoto, kwa gitaa niko nawe. Ila mnaipa Raw Power sifa ambazo nusu yake ni za Fun House, albamu yao ya 1970. Ile ilirekodiwa Los Angeles, prodyuza Don Gallucci, aliyepiga kinanda kwenye "Louie Louie" ya The Kingsmen. Bendi ilipiga kwa pamoja chumba kimoja, kimsingi wimbo mmoja kwa siku, wakiurudia hadi ukae. Majaribio hayo yalitolewa 1999 kwenye sidii 7, na kwa anayejifunza kurekodi ni darasa tosha. Hasara ya chumba kimoja: ngoma zinaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji. Akikosea neno, mnarudia wote.

Angalieni nyimbo zilizorudiwa na wengine. The Damned walichukua "1970" na kuiita "I Feel Alright". Radio Birdman wa Sydney wakachukua "T.V. Eye". Zote mbili ni za Fun House. Za Raw Power ni "Search and Destroy" kwa The Dictators (1977) na wimbo wenye jina la albamu kwa Guns N' Roses (1993).

Santuri73
Hoja nzuri, lakini kuiga gitaa ni jambo jingine. Steve Jones wa Sex Pistols alijifunza kwa kupiga sambamba na Raw Power na albamu ya New York Dolls. Johnny Marr, mpiga gitaa wa The Smiths, humtaja Williamson. Kurt Cobain wa Nirvana aliiweka Raw Power ya kwanza kwenye orodha ya albamu alizozipenda. Na hii ni albamu iliyoishia nafasi ya 182 kwenye chati ya Billboard! Fun House iliwaachia nyimbo, Raw Power ikawaachia mkono wa kulia, yaani namna ya kupiga nyuzi.

NyuziSita
Shukrani, wakuu. Kwa hiyo ngoma nazo tuzirudishe nyuma kama ile ya 1973?

KipazaMoto
Hapana. Bowie hakuwa na uhuru huo, ninyi mnao. Ziacheni ngoma mono (sauti moja bila kugawa kushoto na kulia), katikati, na mzipunguze pale tu neno la mwimbaji linapopotea. Anzeni na maikrofoni ya juu ya matoazi: ikifunguliwa sana inakula trebo ileile ya gitaa, na mtadhani gitaa ndilo lenye kosa.