Pikipiki mpya kwa mkopo wa dukani: tupeane uzoefu kabla mtu hajasaini

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za majukumu. Siku hizi kila kona ya mji kuna duka la pikipiki lenye bango la "leta kianzio, ondoka na chombo". Kijana anaingia na laki 5 mfukoni na kitambulisho cha NIDA, anatoka na Boxer au TVS yenye nailoni bado kwenye siti. Miezi mitatu ya mwanzo mambo ni mazuri. Shida inaanza masika, tairi la nyuma likiwa limekwisha na rejesho la wiki linadaiwa.

Naomba mafundi, madereva na waliokaa dawati la mikopo waweke hapa vitu vya kutumika: hesabu, vipengele vya mkataba, vya kukagua, vinavyoharibika. Visa vya maisha vina uzi wake.

Naanza. Chukua mfano wa pikipiki ya 3,000,000 kwa fedha taslimu. Kianzio 500,000, rejesho 55,000 kwa wiki, miezi 18. Hizo ni wiki 78. Zidisha: 4,290,000. Ongeza kianzio: 4,790,000. Yaani umelipa 1,790,000 juu ya bei ya duka. Muuzaji hatakutajia hiyo namba, atakutajia 55,000, kwa sababu 55,000 inaingia mfukoni bila kupiga kelele. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: mpaka kadi ya usajili inafika mkononi mwangu, nitakuwa nimetoa jumla shilingi ngapi? Aandike, apige mhuri.

Dawati la mikopo

Niongezee hapo kwenye riba, maana watu wengi wanapotea hapa.

Kwenye mfano wa mwanzisha mada, mkopo wenyewe ni 2,500,000. Mkopeshaji akikwambia "riba asilimia 3.5 kwa mwezi", muulize inapigwa juu ya nini. Ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miezi yote 18, riba ni 1,575,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki baada ya kila rejesho, riba ni kama 912,000 tu. Asilimia ni ileile, muda ni uleule, tofauti inazidi laki 6 na nusu.

Sasa zile 4,290,000 za mfano, ukizirudisha kwenye hesabu ya deni linalopungua, ni zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi. Huenda ndani yake kuna bima, kifaa cha GPS, usajili na ada ya mkopo, ndiyo maana lazima uombe mchanganuo wa kila kitu kwa mstari wake. Kwa Tanzania, watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili (wanaokopesha bila kupokea amana) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wanapewa leseni na Benki Kuu (BoT), na BoT iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT. Angalia jina lililoandikwa kwenye mkataba, siyo jina la duka. Mara nyingi duka linauza tu, anayekukopesha ni kampuni nyingine kabisa, na siku ya mgogoro duka litakwambia hayo si yao.

Vipengele vinne visomwe taratibu, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu:

Faini ya kuchelewa: ni kiasi gani, inaanza siku ya ngapi, na inajirudia kila siku au mara moja?

Mpangilio wa malipo: ukilipa pungufu, fedha inaanza kufuta faini, riba, au mkopo? Ikianza na faini, mtu analipa kila wiki na deni halisogei.

Kukamatwa kwa chombo: baada ya siku ngapi, gharama za yadi (kinakohifadhiwa kikikamatwa) na za wakamataji analipa nani, na una siku ngapi za kukomboa kabla hakijauzwa? Kikiuzwa kwa bei ndogo kuliko deni, je, bado utadaiwa salio? Mikataba mingi inasema ndiyo.

Kulipa mapema: ukipata fedha mwezi wa 10 ukataka kufunga, riba ya miezi 8 iliyobaki inafutwa au unailipa yote? Kama hakuna punguzo, hakuna faida ya kujinyima ili ufunge mapema.

Dereva, kijiwe cha Mwenge

Hesabu za barabarani sasa. Pikipiki ya bodaboda mjini inakimbia kama kilomita 120 kwa siku. Ukichukulia lita moja inakwenda kilomita 40 kwenye foleni na kusimamasimama, ni lita 3. Weka petroli shilingi 3,000 kwa lita (bei kikomo za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo rudia hesabu kila mwezi): 9,000. Chakula na maji, 4,000. Akiba ya oili, tairi na cheni, 2,000. Hapo 15,000 imeondoka kabla hujamfikiria mkopeshaji.

Ukiingiza 25,000 kwa siku, kinabaki 10,000. Siku sita ni 60,000. Toa rejesho la 55,000, familia inabaki na 5,000 kwa wiki. Ukiingiza 30,000, kinabaki 90,000, ukitoa rejesho unabaki na 35,000. Tofauti ya elfu tano kwa siku ndiyo inayotenganisha anayemaliza mkopo na anayepelekwa yadi.

Kipimo kinachofanya kazi ni kwamba rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki baada ya mafuta, chakula na akiba ya matengenezo. Tena tumia mapato ya wiki mbaya, wiki ya mvua, msipimie wiki ya sikukuu. Na kabla ya kusaini, marejesho ya wiki mbili yawe pembeni, mbali na kianzio. Anayemaliza akiba yote kwenye kianzio akiugua malaria siku tano tu, faini imeshaanza.

Fundi, Temeke

Nitasema upande wa chombo chenyewe, maana pikipiki ikisimama gereji rejesho halisimami.

Dukani, kabla hujatoa kianzio, soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini kwenye bloku. Zilingane na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na nyaraka za usajili, herufi kwa herufi. Namba moja ikikosewa, utaijua siku ya bima au ya kuhamisha kadi, na kurekebisha ni mzunguko mrefu. Washa injini ikiwa baridi, sikiliza. Zungusha ringi zote mbili uone kama zinayumba, gonga spoku, inayotoa sauti butu imelegea. Hesabu vifaa vinavyokuja na chombo: funguo mbili, saiti mira mbili, spana za chini ya siti, kitabu cha huduma chenye kuponi. Kofia ngumu ziwe mbili, yako na ya abiria. Uliza kama zimo ndani ya bei au zimeongezwa kwenye mkopo, kwa sababu kofia iliyoingia kwenye mkopo inalipiwa riba miezi 18.

Kilomita 1,000 za mwanzo usivute akseli mpaka mwisho, usibebe mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), usipande mlima na gia kubwa. Pistoni na ringi zake zinajipanga na silinda kipindi hiki. Ukizilazimisha, injini itaanza kula oili mapema, na hilo garanti hailipi.

Huduma ya kwanza inakuja mapema kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vingi vinataka ifanyike kwenye kilomita 500 hadi 750, na kwa bodaboda hiyo ni ndani ya wiki ya kwanza. Mwaga oili yote, ina chembe za chuma. Weka 20W-50 halisi, kiasi cha lita moja kwa injini hizi za cc 100 mpaka 150, lakini thibitisha kwa kijiti cha kupimia. Kaza bolti za injini na spoku, rekebisha klachi na valvu, weka cheni ichezecheze sentimita 2 hadi 3 katikati. Cheni iliyokazwa sana inakula sproketi na beringi, iliyolegea inaruka. Kuponi isipogongwa mhuri na gereji iliyoidhinishwa, garanti inakataliwa, hata kama oili ulibadilisha kwa fundi mzuri mtaani.

Baada ya hapo oili kila kilomita 2,000, yaani kama wiki tatu za kazi. Ea filta ipigwe upepo mara kwa mara kwenye barabara za vumbi. Tairi la nyuma la 3.00-17, seti ya cheni, brekishuu na klachi pleti ndivyo vitakavyoanza kudai fedha, na vyote vinaweza kuangukia ndani ya kipindi cha mkopo. Ndiyo maana ile 2,000 ya kila siku ya mwenzangu hapo juu isiguswe.

Kitu kingine ni kile kifaa cha GPS. Kinakula betri kidogokidogo saa 24. Pikipiki ikilala siku kadhaa bila kuwashwa, betri inashuka. Pima kwa mita: injini ikiwa imezimwa betri nzima inasoma volti 12.4 mpaka 12.8, ukiwasha na kuongeza akseli isome 13.5 mpaka 14.5. Isipofika hapo, tatizo ni chaji, peleka kwenye garanti. Usimruhusu fundi wa mtaani akate nyaya za kifaa "ili kuokoa betri". Mkopeshaji anaona kimekatika, na mikataba mingi inachukulia hilo kama jaribio la kutorosha chombo.

Mchangiaji, Morogoro

Wakuu, na mwenye pikipiki ya zamani inayotoa moshi? Maduka yanashawishi uirudishe kama kianzio uchukue mpya.

Fundi, Temeke

Mkuu, kwanza ujue moshi unatoka wapi. Wa bluu unaotoka ukiwasha asubuhi kisha unakoma, mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo. Wa bluu unaoongezeka ukivuta akseli ni ringi za pistoni au silinda imelika. Mweusi ni mafuta mengi, angalia karbureta na ea filta kabla hujafungua injini.

Omba fundi akuandikie gharama: silinda na pistoni yake, ringi, valvu, gasketi, oili, ufundi. Tuseme imefika laki 3 na nusu. Linganisha na ile 1,790,000 ya ziada kwenye mkopo. Kama fremu haijapinda na kadi ina jina lako, kufufua injini kunalipa zaidi. Na bei ambayo duka linakupa kwa pikipiki ya zamani, ilinganishe na bei ya kuiuza mwenyewe kijiweni. Ikibidi kuachana nayo kwa sababu fremu imechoka, iuze mwenyewe, fedha yake ndiyo iwe kianzio.

Mchangiaji, Mwanza

Kuhusu bima. Bima ndogo inalipa madhara ya mtu mwingine tu. Pikipiki yako ikiibwa hupati kitu na deni linabaki palepale. Mkopeshaji akidai bima kubwa, uliza mambo matatu: wizi umo? Sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe ni kiasi gani? Na mwaka wa pili bima inalipwa na nani, kwa sababu mkopo wa miezi 18 unavuka bima ya miezi 12? Fidia inaanza kwa mkopeshaji, wewe unapata kinachobaki kama kipo. Ikiibwa, siku hiyohiyo nenda polisi upate RB (namba ya taarifa yako), mpigie mkopeshaji wasome GPS, kisha ijulishe bima kwa maandishi. Na bima kubwa haimlipi dereva asiye na leseni ya daraja lake, kwa hiyo usimpe "deiwaka" (dereva wa kushikiza) asiye na leseni.

Mchangiaji, Nakuru

Huku Kenya mambo yanafanana, ila sheria ina kitu cha kujua. Chini ya Sheria ya Hire Purchase (kununua kwa kulipa kidogokidogo), Sura 507, ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Lakini mikopo mingi ya bodaboda imeandikwa kama mkopo wenye dhamana, jina la mkopeshaji likiwa kwenye logibuku (hati ya umiliki) pamoja na lako, siyo kama hire purchase. Soma kichwa cha mkataba wako kwanza kabla hujategemea kinga hiyo.

Dereva, kijiwe cha Mwenge

Wapo wanaokimbia mkopo wa duka wakaangukia "mkataba" wa bosi: 10,000 kila siku kwa mwaka na nusu, kisha pikipiki yako. Humo nako kuna hesabu. Wiki 78 zikihesabiwa siku saba ni 5,460,000. Jumapili zikitolewa ni 4,680,000. Neno "kila siku" bila kutaja Jumapili lina thamani ya 780,000. Andikeni, serikali ya mtaa ishuhudie, na siku za gereji kwa ubovu usio wako zitajwe.

Na kabla ya yote hayo, vijana mlio kwenye kikundi ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Foleni yake ni ndefu na makaratasi ni mengi, lakini kwenye mfano wetu riba sifuri inaokoa zaidi ya milioni.

Dawati la mikopo

La mwisho, kufunga deni. Tunza kila meseji ya malipo, na namba ya kumbukumbu iwe ya mkopo wako. Kila mwezi omba taarifa ya deni, usisubiri mwisho. Ukimaliza, dai vitu vitatu kwa pamoja: barua ya kumaliza deni, kadi pamoja na nyaraka za kuondoa jina la mkopeshaji TRA, na kuondolewa kwa GPS na fundi wao. Nani analipa gharama za uhamisho, iwe ilishaandikwa kwenye mkataba siku ya kwanza. Na uhamisho ufanywe wiki hiyohiyo, kabla kampuni haijahama ofisi na afisa aliyekuhudumia hayupo tena.