Fundi wa rili hapa Tanga kanijazia grisi ya pikipiki, kolekole kaniponyoka, hela harudishi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na siifichi.

Mimi navua kwa mshipi, Jumamosi natoka na boti ya jamaa zangu wa Sahare. Rili yangu, kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo, ni Shimano saizi 6000, mjomba aliniletea kutoka Omani. Ilikuwa na tatizo moja tu: ukiizungusha inakwaruza kama ina mchanga ndani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja anayejitangaza kuwa bingwa wa vifaa vya uvuvi. Shilingi 25,000, siku mbili. Nimeipata siku ya tano. "Hii sasa mpya kabisa." Nikaizungusha pale pale, laini kweli, nikalipa.

Jumamosi, nje ya kisiwa cha Toten, kolekole akala. Samaki mzima, si kitoto. Nainua fimbo tu, hendeli ikarudi nyuma kwa kasi ikanipiga vidole, rili yote inazunguka kinyumenyume. Nikaudaka mshipi kwa mkono, ukanichana kiganja, ukakatika. Kaenda zake. Kidonda ninacho mpaka leo.

Nyumbani nikaifungua mwenyewe juu ya gazeti. Ile beringi ya upande mmoja, inayozuia hendeli isirudi nyuma, imejazwa grisi ya pikipiki hadi pomoni! Jamani, mle ndani mna viroli vyembamba kama njiti za kiberiti na vispringi vya kuvisukuma, vinatakiwa vibane papo hapo hendeli ikitaka kurudi. Grisi nzito ikiingia vinanata, havibani, vinateleza. Pale panataka usafi, na oili nyepesi tone moja. Nimeiosha kwa spiriti, nikaikausha, nikatia tone, sasa inashika. Nusu saa tu! Anayechukua hela za watu hajui hilo?

Sijamaliza. Kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi, kinachokula chumvi kila siku, hakukigusa kabisa. Kimeganda, hakizunguki, mshipi unasugua mahali pamoja mpaka unachakaa. Na springi ya ule waya unaoufungua kuachia mshipi na kuufunga ili uvute, haipo. Kaniwekea springi ya kalamu ya kubonyeza! Imeshaanza kutu. Springi yangu imekwenda wapi? Iko kwenye rili ya nani?

Nimerudi kwake, ananiambia mbele ya wateja kwamba mimi ndiye niliyeiharibu kwa kuiosha. Kuosha? Kila nikirudi baharini nakaza breki, ile inayobana mshipi samaki akivuta, kwanza maji yasipenye, naimwagia maji ya bomba taratibu, naifuta, nalegeza breki, naianika kivulini. Miaka sita nafanya hivyo na haikuwahi kurudi nyuma hata siku moja. Imekaa kwake siku tano tu.

Nataka 25,000 yangu na springi yangu. Anayemjua fundi Tanga, Muheza au Pangani anayekubali ukae pembeni ukimwangalia akifungua, aandike hapa. Na mwenye Shimano 6000 iliyokufa ila springi ya waya bado nzima, aniuzie hata leo usiku nitaifuata. Kusi imekwisha, bahari imetulia, wenzangu wanatoka alfajiri na mimi nimebaki nyumbani na rili iliyofunguliwa juu ya gazeti.